Nimeipima kamusi ya OED kwa neno moja tu: "nice"

Wenye haraka niwape jibu mapema. Kama unatafsiri, unafundisha Kiingereza au unasoma vitabu vya Kiingereza vya zamani, ile kamusi kubwa ya Oxford English Dictionary ya onlaini, wengi wanaiita OED tu, lipia usajili au tafuta maktaba yenye usajili, hutajuta. Kama unachotaka ni kujua neno lina maana gani ili ujibu mesiji ya mtu, achana nayo, itakuchosha bure. Sasa wenye nafasi tukae kidogo, manake mi sikuipima kamusi hii kwa kupekua pekua, nimeipima kwa kivumishi kimoja cha herufi nne ambacho kila aliyepita darasa la Kiingereza anaamini anakijua, na nimekaa nacho karibu wiki mbili.

Ilianza hivi. Nilikuwa nawatafsiria watu wa kikundi cha maigizo ile tamthilia ya Shakespeare ya Romeo na Juliet, nimefika karibu na mwisho, sehemu ya tano onyesho la pili, pale padri Laurence anapogundua kwamba barua aliyomwandikia Romeo haijafika. Mwenzake aliyetumwa kuipeleka, padri John, alizuiwa kwa sababu ya tauni, wakamfungia ndani ya nyumba, akarudi nayo barua mkononi. Kwa anayeijua hadithi, hapo ndo kila kitu kinaharibika, manake barua ile ndo ingemwambia Romeo kwamba Juliet hajafa kweli. Laurence anashtuka, anasema barua ile haikuwa "nice", ilikuwa imejaa uzito. Mi nikaandika bila hata kusimama: "Barua ile haikuwa nzuri." Nikaendelea na mstari unaofuata.

Siku ya kusoma pamoja, kijana aliyepewa nafasi ya padri akasoma mstari, akasimama, akaniuliza: "Mwalimu, kama barua haikuwa nzuri, si afadhali haikufika? Sasa huyu padri analia nini?"

Sikuwa na jibu. Kijana alikuwa sahihi kabisa, sentensi yangu ilikuwa inageuza onyesho zima kichwa chini. Nikafungua programu ya kamusi niliyokuwa nayo kwenye simu, ikanipa zuri, ema, -a kupendeza. Nikachukua na kamusi ya karatasi ya mfukoni niliyokaa nayo miaka mingi, zuri, -a kupendeza, pole. Yote ni kweli kwa Kiingereza cha leo, hakuna aliyenidanganya, ila hakuna hata moja iliyonitoa pale nilipokwama. Nilijaribu "haikuwa pole", nikajaribu "haikuwa ya upole", padri bado haeleweki. Ndo nikaenda maktaba yenye usajili wa OED nikaandika neno "nice" kwenye kisanduku cha kutafutia.

Kitu cha kwanza ukifungua: maana ya kwanza kabisa iliyoandikwa pale sio nzuri. Ni mjinga.

Nilirudia kusoma nikidhani nimefungua neno lingine. Mtu "nice" ni mtu mjinga, mpumbavu, asiye na akili, na mbele yake kuna alama ndogo kama msalaba, ambayo kwenye kamusi hii maana yake ni kwamba matumizi hayo yamekufa, watu hawasemi tena hivyo. Na hapa ndipo inabidi uelewe jinsi OED inavyopangwa, kwa sababu usipoelewa hili utaiona kama fujo. Kamusi za kawaida zinakupa kwanza maana inayotumika zaidi leo. OED inakupa kwanza maana ya zamani zaidi, kisha inayofuata, kisha inayofuata, mpaka inafika kwako wewe wa leo, na chini ya kila maana inaweka nukuu zenye miaka yake, nani aliandika, wapi, mwaka gani. Kwa hiyo unaposhuka na skrini unakuwa unatembea kwenye miaka. Ni kama kukutana na mzee ukapewa picha zake zote tangu utoto badala ya picha moja ya kitambulisho.

Asili yenyewe inapendeza sana. Neno limetoka kwenye Kilatini "nescius", ambalo limeunganishwa na vipande viwili, "ne" yaani si, na "scire" yaani kujua. Asiyejua. Hiyo "scire" ndo hiyo hiyo iliyozaa neno la Kiingereza la sayansi na lile la dhamiri, kwa hiyo "nice" na sayansi ni ndugu wa damu, mmoja amekaa upande wa kujua mwingine upande wa kutojua. Kutoka Kilatini likaingia Kifaransa cha kale likiwa na maana ya mtu mzembe, dhaifu, mjinga, kisha likavuka kwenda Uingereza mnamo mwaka 1300 hivi, likafika na mzigo wake huo huo wa ujinga.

Hapo nilisimama nikawaza neno letu "mjinga". Leo ni tusi, mtu ukimwita hivyo mtagombana. Ila kwenye orodha ya maneno ya Edward Steere, yule askofu aliyeandika kitabu cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, mjinga ni pia mgeni aliyefika juzi, mtu asiyezoea mambo ya pale alipofikia. Asiyejua. Yaani ni wazo lile lile la "nescius", mtu hana kosa, hajui tu, ila kadiri siku zinavyoenda kutojua kunageuka kuwa aibu. Kiswahili kilishuka nalo kwenda kwenye tusi, Kiingereza kikapanda nalo kwenda kwenye sifa, na chanzo kilikuwa kimoja kimawazo. Hili sikulipata ndani ya OED, OED haijui Kiswahili changu, lakini bila OED nisingelifikia.

Sasa safari ya katikati ndo tamu. Kutoka mjinga, "nice" likaanza kubeba mtu anayejiachia, mhuni wa mapenzi na anasa. Likabeba pia mwoga, mwenye haya nyingi, asiyependa kusogea. Kisha likamkalia mtu anayechagua chagua, yule mgumu kuridhika, kila kitu kwake kina kasoro. Ukishakuwa na neno la mtu anayechagua sana uko karibu na kitu laini, chepesi kuharibika, kinachotaka mikono ya uangalifu, na ukishafika kwenye uangalifu uko karibu na usahihi, na kuanzia miaka ya 1500 neno linatumika kwa jambo la hesabu kali, tofauti nyembamba sana ambayo bila jicho kali huioni. Maana hii ya usahihi bado ipo hai mpaka leo, wanasheria na wanafalsafa wakisema tofauti fulani ni "nice" hawamaanishi inapendeza, wanamaanisha ni nyembamba mno, na ndo maana nomino yake "nicety" bado ina harufu ya usahihi kuliko ya uzuri. Mtu akitafsiri maandishi ya sheria bila kujua hili atamwaga maji.

Na kwenye njia hiyo hiyo ya vitu vyembamba, vidogo, vya kuhitaji jicho, kuna maana iliyonikomboa: kitu kidogo, kisicho na uzito, cha kupuuzwa. Haya, rudi kwa padri. Barua ile haikuwa ndogo. Haikuwa barua ya salamu na umbea. Ilibeba jambo zito, na kuipuuza kunaweza kuleta hatari kubwa. Kila kitu kikakaa sawa kwa sekunde moja, na swali la yule kijana likapata jibu.

Alafu nikakumbuka kitu kingine, mwili ukasisimka. Kwenye tamthilia hiyo hiyo, sehemu ya tatu onyesho la kwanza, baada ya Tybalt, binamu yake Juliet, kuuawa, Benvolio, rafiki yake Romeo, anamweleza mtawala ilivyokuwa, anasema Romeo alizungumza na Tybalt kwa upole akamwomba afikirie jinsi ugomvi ule ulivyokuwa "nice". Nikafungua tafsiri yangu. Nilikuwa nimeandika "jinsi ugomvi ulivyokuwa mzuri". Watu wawili wameshakufa barabarani, na mi nimemwekea Benvolio mdomoni kwamba ugomvi ni mzuri. Hakuna aliyeniuliza lile, lilipita kwenye masomo mawili, pengine lingefika jukwaani. Maana ni ile ile ya kitu kidogo: fikiria ugomvi huu ulivyo wa kitu kisicho na maana. Ndo nguvu ya kamusi ya namna hii, inakurekebishia hata ulipokuwa hujui kwamba umekosea.

Kitu kingine kinachonifanya niiamini ni kwamba haijifanyi inajua kila kitu. Kwenye neno hili hili wahariri wenyewe wanakiri kwamba haiko wazi kabisa namna maana hizi zote zilizotofautiana zilivyokua moja kutoka kwa nyingine, na kwamba kwenye mifano mingi ya karne ya 16 na 17 ni vigumu kusema mwandishi alikusudia maana ipi hasa. Mi nilivyosoma hapo nilishusha pumzi. Kama watu waliokaa na neno miaka yote hiyo wanasema hapa giza, basi mtafsiri naye anaruhusiwa kusimama, kusoma ukurasa mzima na kuamua kwa akili yake.

Maana ya kupendeza tunayoijua sote imekuja kuenea kwenye karne ya 18, juzi juzi tu kwa umri wa neno lenyewe, na ile ya mtu mwenye roho nzuri, mkarimu, ikafuata nyuma yake. Na ilipoenea ilienea kweli kweli, kiasi kwamba Jane Austen kwenye riwaya yake moja iliyotoka mwishoni mwa 1817 anamweka kijana anayemtania msichana kwa kutumia "nice" kwa kila kitu, kitabu nice, matembezi nice, siku nice, na anamkumbusha kwamba zamani neno lile lilikuwa la unadhifu na ustaarabu. Zaidi ya miaka 200 iliyopita watu walishachoka na neno ambalo sisi tunalifundisha darasa la kwanza la Kiingereza. Na ukweli ni kwamba alikuwa na hoja, neno likishabeba kila kitu linabaki jepesi, hata "nzuri" yetu ina ugonjwa huo, mtu anaulizwa sinema ilikuwaje anasema nzuri, mgonjwa anaendeleaje, vizuri.

Nikiwa pale pale nikajaribu kivumishi cha pili kuhakikisha haikuwa bahati. "Silly". Leo ni mjinga, mpuuzi, wa kuchekesha. Kwenye Kiingereza cha kale lilikuwa "gesælig", mwenye heri, mwenye baraka, na ndugu yake wa Kijerumani "selig" bado anamaanisha mwenye heri mpaka leo. Likatoka kwenye heri likaenda kwenye utakatifu, likaenda kwenye asiye na hatia, kutoka asiye na hatia likawa wa kuhurumiwa, kutoka wa kuhurumiwa likawa dhaifu, kutoka dhaifu likawa asiye na akili. Kwa hiyo "nice" alianza mjinga akaishia mwema, "silly" alianza mwenye heri akaishia mjinga, wamepishana njiani kama abiria wa mabasi mawili. Nilikaa na hilo muda mrefu sana siku ile, maktaba ikafungwa.

Sisi wenyewe tunayo haya mambo na hatuyaandiki vya kutosha. Chukua "rahisi". Limetoka kwenye Kiarabu likiwa na maana ya bei ya chini, sisi tukalipokea hivyo, bidhaa rahisi, alafu tukaliongezea kazi ya pili, mtihani rahisi, swali rahisi, na leo vijana wengi ukiwaambia kitu ni rahisi wanaelewa kisicho kigumu kwanza kabla ya kufikiria bei. Chukua "poa", maji ya moto yakipoa, kidonda kikipoa, kisha mambo poa, kisha jamaa poa. Lini hasa tuliruka kutoka kwenye joto la maji kwenda kwenye tabia ya mtu? Kamusi zetu zikitaja asili ya neno mara nyingi zinataja lugha lilikotoka tu, Kiarabu, Kihindi, Kireno, basi, hakuna mwaka, hakuna nukuu ya nani alilitumia wapi. Natamani kwa moyo wote siku moja tuwe na kamusi ya Kiswahili inayofanya hivi, na tenzi tunazo, barua za zamani tunazo, magazeti ya zamani tunayo.

Na haiwezekani bila watu wengi. Hii nimeisoma baada ya kuvutiwa na kamusi, na naiweka hapa kwa sababu inaeleza kwa nini nukuu zake zinaaminika. Wazo lilianza London mwaka 1857 kwenye chama cha wanaisimu kilichoona kamusi za wakati ule zina mapengo. Mwaka 1879 James Murray, mhariri wake, akaingia mkataba na shirika la uchapaji la Chuo Kikuu cha Oxford, mpango ukiwa ni miaka 10. Baada ya miaka 5, mwaka 1884, kitabu cha kwanza kikatoka, na kilikuwa kimefika kwenye neno "ant", yaani sisimizi hajapita. Murray alijenga kibanda cha mabati cha kufanyia kazi, akakijaza visanduku vya vikaratasi, na watu wa kawaida kila mahali wakaombwa wasome vitabu, wakikuta neno wanaandika kwenye kikaratasi neno lenyewe, mwaka, mwandishi, kitabu na sentensi nzima, wanatuma kwa posta. Mmoja wa waliotuma kwa maelfu alikuwa William Minor, daktari wa jeshi la Marekani aliyekuwa amefungiwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili ya Broadmoor kwa kuua mtu. Murray akafariki 1915 kazi haijaisha. Ikaisha 1928, ikiwa na maneno zaidi ya 400,000 na nukuu zaidi ya milioni 1.8. Na pamoja na uangalifu wote huo vikaratasi vya neno moja, "bondmaid", yaani mjakazi, vilipotea, neno likakosekana kwenye toleo zima mpaka nyongeza ya 1933. Mi hilo la neno lililopotea linanigusa zaidi kuliko yote, manake linaonyesha kila maana unayoisoma pale iliwahi kuwa kikaratasi kimoja mkononi mwa mtu.

Kuhusu aina zake, kwa anayetaka kununua. Toleo la pili la karatasi la 1989 ni majuzuu 20, kurasa zaidi ya 21,000, hiyo ni ya maktaba au ya mtu mwenye chumba cha ziada. Kuna ya kubanwa iliyotoka 1971, majuzuu mawili tu, kurasa nne za kawaida zimepunguzwa zikawekwa kwenye ukurasa mmoja, inakuja na kioo cha kukuzia maandishi kwenye kidroo chake kidogo. Ukiikuta kwa muuza vitabu vilivyotumika, angalia kwanza kidroo kama kioo kimo, bila hicho kioo umenunua mzigo. Ya onlaini ilianza mwaka 2000 na ndo ninayoishauri, kwa sababu mbili. Kwanza inasahihishwa mara kwa mara, na walipoanza kusahihisha upya hawakuanza na A, walianza na M, kwa hiyo maneno ya N kama hili letu yalikuwa kati ya ya mwanzo kupitiwa. Pili unaweza kutafuta ndani ya nukuu zenyewe, sio kwenye neno kuu tu, ukataka kuona OED imemnukuu Shakespeare wapi kwa neno fulani na kwa maana ipi unaona.

Mapungufu yapo na nitayasema. Ni nzito. Neno kama "nice" lina maana nyingi mno na nukuu chini ya kila moja, ukiwa na simu yenye skrini ndogo utaskroli mpaka kidole kiume, fungulia kompyuta. Maelezo yote ni Kiingereza cha kisomi, mwanafunzi wa kuanza hatoki salama. Haikufundishi sana namna ya kulitumia neno leo, kwa hiyo isikufanye utupe kamusi yako ya kawaida, zinafanya kazi mbili tofauti. Nukuu zake za zamani zinaelemea sana waandishi wakubwa wa Uingereza, maneno ya jikoni na ya barabarani ya watu wa kawaida wa enzi zile hayapati nafasi sawa. Na kubwa zaidi kwa wengi ni kwamba nyingi ya mambo yake iko nyuma ya usajili wa kulipia. Uliza maktaba yoyote ya umma au ya chuo kabla hujatoa hela mfukoni, zipo nyingi zinazolipia kwa niaba ya wasomaji wao, mi nilianza hivyo hivyo.

Asiyepata kabisa, kuna Etymonline, kamusi ya bure ya asili za maneno ya Kiingereza iliyokusanywa na Douglas Harper. Unaandika neno unapata aya moja au mbili, imetoka lugha gani, imepitia wapi, imebadilika karne gani. Kwa "nice" inakupa safari karibu yote niliyoisimulia hapa kwa muda wa kunywa glasi ya maji. Kinachokosekana ni ule msururu wa nukuu, na kwa mtafsiri nukuu ndo kila kitu, kwa sababu mi sikuhitaji kujua tu kwamba "nice" liliwahi kumaanisha kidogo, nilihitaji kuona watu wa zama za Shakespeare wakilisema hivyo kwenye sentensi zao ili nijue sijajitungia. Kwa mwalimu anayetaka stori fupi ya kuamsha darasa, Etymonline inatosha kabisa na wala asijisumbue.

Mstari wa padri umekaa hivi sasa: "Barua ile haikuwa ya mambo madogo, ilibeba neno zito, na kuipuuza huenda kukaleta maafa." Kijana aliusoma kimya kwanza, kisha kwa sauti, na safari hii alipofika "neno zito" alishusha sauti mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Wa Benvolio nimeuandika "jinsi ugomvi ule ulivyokuwa wa kitu bure".

Nimerudi mwanzo wa tamthilia na penseli. Kwenye sehemu ya kwanza Benvolio anamwambia Romeo amweleze "in sadness" anampenda nani, nilikuwa nimeweka "kwa huzuni", na OED inasema "sad" wakati ule lilikuwa bado linamaanisha mtu makini, asiye na mzaha, kwa hiyo ni "niambie kwa dhati". Na sehemu ya tatu padri anamwita Romeo "fond", nikaweka "mpendwa". Nimefungua "fond" jana usiku. Kati ya maana zake za mwanzo kabisa iko hii: mjinga.